Kiraka ana risasi moja tu

Pale Sinza Kijiweni, kocha akimpanga winga beki ya kushoto, utasikia: "Tulia, huyo kiraka!" Sawa, lakini wawaulize wawindaji. Ipo bunduki ya mitutu ya aina mbili: mmoja wa risasi, kwa swala, mwingine wa marisau, kwa kanga. Wajerumani wanayo hadi ya mitutu mitatu, wanaiita Drilling. Porini hujui atatokea nani, hivyo badala ya kubeba silaha mbili unabeba moja. Raha! Shida inakuja ukikosa. Mtutu wa risasi ni huo huo mmoja, na swala hakungoji upakie nyingine. Anayefuata nyati, tena kwa kibali, hubeba bunduki kubwa ya kazi hiyo.

Erasto Nyoni alicheza beki kulia, kushoto, kati, hata kiungo, akaiokoa sana Simba na Taifa Stars. Ila alikuwa anaziba pengo, siyo kisingizio cha viongozi kubana pesa za usajili. Leo klabu inaenda kukutana na Al Ahly ikitegemea mtu wa kuazima! Dirisha dogo likifunguliwa, aletwe namba tatu wa kweli. Kiraka akae benchi, buti zimefungwa kamba.