Uzamili wa Sayansi na Bei Isiyotangazwa

Kwenye karatasi safari ni fupi. Mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, unaiweka shahada ya uzamili ngazi ya 9, juu ya shahada ya kwanza na chini ya uzamivu. Kwa kawaida mwanafunzi wa sayansi husoma darasani mwaka mmoja, wa pili akafanya utafiti na kuandika tasnifu, kisha joho. Waulize waliopita huko: mwaka ule wa pili una tabia ya kuzaa mwingine. Ndiyo maana wapo wanaotaka tasnifu iondolewe, watu wasome kozi za ziada na kuhitimu kwa wakati. Uchungu wao naujua, ila dawa wanayoipendekeza siikubali.

Darasani, hata somo liwe gumu vipi, mwalimu huuliza jambo ambalo jibu lake analo. Tasnifu humkabidhi mwanafunzi swali ambalo hata msimamizi wake hana jibu lake. Chukua mwanafunzi wa kilimo pale Morogoro anayetaka kujua kama mkulima anaweza kupunguza dawa ya viwavijeshi vamizi, wadudu walioripotiwa Afrika mwaka 2016, bila kupoteza mahindi. Itabidi agawe shamba vipande, aamue vipande vingapi vinatosha ili tofauti atakayoiona isiwe bahati tu, aache vingine bila dawa kabisa kwa ajili ya kulinganisha, kisha ahesabu mimea iliyoliwa wiki baada ya wiki. Akikuta nusu ya dawa imefanya kazi sawa na dozi kamili, bado hana ruhusa ya kushangilia. Huenda msimu ule wadudu walikuwa wachache. Shaka hiyo ndiyo aliyokuja kuisomea. Hadaiwi uvumbuzi mkubwa, maana huo ni mzigo wa uzamivu. Anadaiwa kuonyesha kwamba anajua ushahidi unavyopatikana na unaishia wapi. Afisa asiyeupata ujuzi huo ataliamini jedwali lolote lililopangwa vizuri, na maofisa wa namna hiyo tunao.

Kinachowakwamisha watu basi ni nini? Kalenda kwanza. Andiko la utafiti likilala mezani kwa msimamizi, au kibali kikichelewa, mvua za masika za Machi hadi Mei hazimsubiri mtu. Anayesoma nyaraka za kale akichelewa mwezi, amepoteza mwezi. Huyu wa mahindi amepoteza msimu.

Fedha ndiyo kubwa zaidi. Chuo hutangaza ada, lakini vibarua wa shambani, nauli, kemikali za maabara na malipo ya kupima sampuli mara nyingi mwanafunzi hukutana navyo akiwa ameshafika katikati. Mikopo ya elimu ya juu kwa sehemu kubwa imelenga shahada ya kwanza, kwa hiyo wengi wa uzamili hujilipia kutoka mshahara uleule unaolisha nyumba. Anayeishiwa ama huahirisha, ama hupunguza sampuli hadi takwimu zake zisiweze kusema lolote. Kuahirisha tunakuona na kukulalamikia. Hilo la pili hupita kimya, likatiwa jalada gumu na kuwekwa maktaba.

Wapo pia wanaoihitaji shahada ili wapande daraja kazini tu, na mwajiri wao hana haja na utafiti. Wafunguliwe programu ya masomo matupu, na cheti chao kiseme hivyo waziwazi, pasipo kuwaburuza kwenye tasnifu wasiyoitaka wala kuwaondolea tasnifu wanaoihitaji.

Kwa hao wengine, chuo kitangaze bei nzima, utafiti ukiwemo, kabla mtu hajalipa senti. Swali na msimamizi vipatikane muhula wa kwanza, ili andiko lipite kabla ya mvua. Idara ambayo ina maabara na wasimamizi wa kuwatosha wanafunzi kumi isidahili arobaini, hata kama ada ya wale thelathini inahitajika kulipa umeme.