Mbwa Anayekimbiza Paa Ana Mwenyewe

Si jambo geni, kwa mtu anayesafiri alfajiri katika barabara itokayo Kilwa Masoko kwenda Nangurukuru, kukutana na kundi la mbwa wanne au watano likitoka vichakani, ndimi nje na damu midomoni, wala hapana mtu nyuma yao. Mahali fulani ndani ya vichaka hivyo amelala paa au funo, ameraruliwa mapaja na kuliwa nusu. Ukiuliza mbwa hao ni wa nani, utaambiwa kwamba hawana mwenyewe. Jibu hilo ndilo tunalotaka kulijadili leo, kwa sababu tunaamini kwamba si la kweli.

Mbwa hao walizaliwa katika ua wa mtu. Walilishwa makoko ya ugali ya mtu. Siku ya msako wa nguruwe huitwa kwa majina yao, mmoja mmoja, nao huitika. Siku wanapomrarua paa, au mbuzi wa jirani, au mtoto atokaye kisimani, hapo ndipo wanapokosa mwenyewe.

Kabla hatujamlaumu mfugaji, haki inatutaka tuseme kwa nini anafuga. Mkulima wa Kilwa hafugi mbwa kwa anasa. Wengi wetu huku pwani hatupendi hata kuguswa na mate yake, na mwenye kufuga huvumilia maneno ya majirani. Anafuga kwa sababu ya nguruwe mwitu. Mnyama huyu huja usiku, tena kwa kundi. Hali hindi moja akaenda zake, bali huangusha mashina safu nzima, akauma hiki na kukiacha, akauma kile. Mhogo huung'oa, akala nusu yake na kuukanyaga uliobaki. Mkulima amekesha juu ya dungu miezi mizima, mkewe na watoto wakipokezana naye kupiga debe. Usiku mmoja akizidiwa na homa au usingizi, asubuhi anakuta shamba limelala chini. Bunduki hana. Wa kumsaidia ni Afisa Wanyamapori wa Wilaya, lakini mtu wa kijiji cha ndani apeleke taarifa, usafiri upatikane, mafuta yapatikane, askari apangwe. Mpaka bunduki ifike, nguruwe ameshavuna. Basi vijana wa kijiji hukusanyika na nyavu, mikuki na mbwa, wakaenda porini. Nani atawashangaa?

Hata hivyo sheria ipo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, inamtaja mbwa miongoni mwa njia zilizokatazwa katika uwindaji, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya mwenye mamlaka. Sheria hiyo hiyo inatambua haki ya mtu kujilinda yeye na mali yake dhidi ya mnyama mharibifu, kwa sharti la kutoa taarifa. Baina ya katazo lile na haki hii ndipo mkulima wetu anaposimama na mbwa wake, naye hajui yuko upande upi. Si aghalabu mtu kumweleza. Huelezwa siku ya kukamatwa.

Watu wa pwani hii hawakungoja sheria ya Bunge ndipo wapate kujua tofauti ya mbwa na mbwa. Masheikh wetu wamesomesha kwa karne nyingi kwamba kufuga mbwa pasipo haja kunampunguzia mtu ujira wake, na kwamba walioruhusiwa ni wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, kimehalalishwa kinachokamatwa na mnyama wa kuwinda aliyefundishwa, akatumwa na bwana wake kwa kutajwa jina la Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na sahaba Adiyy bin Hatim, aliyekuwa mwindaji, alimfundisha kwamba mbwa akishakula katika windo basi mtu asile, kwani mbwa huyo amejiwindia mwenyewe, na kwamba mtu akiwakuta mbwa wengine wamechanganyika na wake asile vile vile, kwa maana hajui ni yupi aliyeua.

Msomaji alipime fundisho hilo na lile kundi la barabara ya Nangurukuru. Hapo hapana aliyetumwa, hapana jina lililotajwa, mbwa wa nyumba tatu wamechanganyika, nao wamekula. Kwa kipimo cha dini, hao si mbwa wa kuwinda hata kidogo. Kwa kipimo cha sheria, ni uwindaji haramu usio na mwindaji. Asiye Mwislamu naye ataiona busara iliyomo: yako mambo mawili mbalimbali, mbwa aliyetumwa na mbwa aliyejituma. Wa kwanza ni chombo cha kazi mkononi mwa mtu. Wa pili ni mzigo ambao mtu ameutua njiani, wengine wajikwae.

Wapo wanaosema dawa ni risasi. Wanatoa mfano wa nchi za nje, na mfano wenyewe ni wa kweli: katika sehemu za Ujerumani na katika baadhi ya majimbo ya Marekani, sheria imewahi kumruhusu mwindaji au askari wa wanyamapori kumpiga risasi mbwa anayeonekana akimfukuza kulungu. Nchi hizo zina wawindaji wenye leseni ambao wanajulikana kwa hesabu. Kwetu, ruhusa ya kumpiga mbwa ingekuwa ruhusa ya kutembea na gobori katika msitu wa kijiji. Na mtu akikutwa nalo mzoga wa paa ukiwa begani, angesema alikuwa akifuata mbwa. Zaidi ya hayo, mbwa anayeuawa leo pengine ndiye pekee aliyekuwa akilinda mhogo wa mjane fulani. Ugomvi utakaozuka hapo hautakwisha kwa baraza moja.

Sumu ni mbaya kuliko risasi. Nyama iliyotiwa dawa ya shamba na kuachwa njiani haichagui mbwa mkorofi. Humwua paka, kuku, tai, na siku moja itamwua mtoto. Hatutaki kulirefusha neno hili.

Wapo wengine wasemao mbwa wapigwe marufuku kabisa. Hao hawajalala dunguni.

Je, paa mmoja mmoja anayeuawa na mbwa ana uzito gani? Tuwatazame ndugu zetu wa Unguja. Huko yuko paa nunga, mnyama mdogo mwenye shungi jekundu, ambaye duniani hapatikani ila katika kisiwa hicho na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Kwa makisio ya mwaka 1983 walikuwa kiasi cha 5,000. Makisio ya mwaka 1999 yaliwakuta kiasi cha 600 tu. Ukataji wa misitu ulichangia, hilo halina ubishi, lakini nyavu na mbwa wa wasasi vilikuwa na sehemu kubwa, tena wengi wao walitoka nyumbani kwa nia ya nguruwe. Mbwa hajui kusoma kibali. Ikabidi paa wengine wachukuliwe kwa vyombo wakahifadhiwe katika kisiwa cha Chumbe na baadaye Mnemba, mahali ambapo mbwa hafiki. Misitu yetu ya Kilwa ni mikubwa kuliko ya Unguja, na ukubwa huo ndio unaotudanganya.

Liko jambo jingine, nalo linahusu roho za watu. Mbwa anayezurura porini hukutana na bweha. Utafiti uliofanyika katika mikoa ya Lindi na Mtwara, na kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba katika wanyama waliofuatiliwa kwa kichaa cha mbwa, karibu asilimia 40 walikuwa bweha, jambo lisilo la kawaida katika sehemu nyingine za nchi. Mbwa na bweha huku kwetu huambukizana. Kwa hiyo yule mbwa aliyekwenda kumfukuza paa peke yake huenda akarudi nyumbani na jeraha dogo la shingoni ambalo hapana aliyeliona likipatikana, akalala mlangoni pamoja na watoto. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu, mauti hayaepukiki. Kinga ni kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha kwenda hospitali kupata chanjo. Na kwa aishiye kijiji cha ndani, njia ya kwenda hospitali ni ndefu na nauli ni nzito.

Wenzetu wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Sanje ya Kati na Songosongo huenda wakasoma haya wakadhani ni habari za watu wa bara. Tunawaomba watazame Pemba. Kwa kampeni za chanjo ya mbwa, kisiwa kile kilisafika na kichaa cha mbwa mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, ukasambaa, na ilikuwa mwaka 2018 ndipo ukaondolewa tena. Ugonjwa huo hauogelei, huja chomboni. Mvuvi wa dago hubeba mbwa wake wa kulinda samaki na zana, na dago likivunjwa mara nyingine mbwa huachwa ufukoni ajitafutie. Mbwa aliyeachwa hivyo hufukua mayai ya kasa, huvamia mabanda ya kuku, na akiwa amekuja na maradhi, kisiwa hakina mahali pa kukimbilia. Lakini kisiwa kina fadhila moja ambayo bara haina: mlango wake unaonekana. Nahodha akikataa kupakia mbwa asiye na cheti cha chanjo, na serikali ya kijiji ikimwuliza kila mwenye dago amekuja na mbwa wangapi na ataondoka na wangapi, kazi kubwa imekwisha.

Kwa wawindaji tunasema hivi. Msako wa nguruwe uwe na kiongozi anayejulikana na taarifa iwe imefika kwa Mtendaji wa Kijiji na kwa Afisa Wanyamapori kabla ya siku ya kutoka, ili idhini iwepo. Mbwa wasizidi watu wa kuwashika. Kila mmoja avae ukanda na njuga, apate kusikika aliko katika vichaka visivyopenyeka kwa macho. Wahesabiwe wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Paa akiruka mbele yao, waitwe. Na mbwa asiyeitika anapoitwa hajafuzu, abaki nyumbani. Jua likichwa na mbwa mmoja hajaonekana, msako haujamalizika; mwenyewe arudi akamtafute. Tunajua vijana watalalamika kwamba hilo linachosha. Kuchosha kwake ndiko kutakakowafanya wachukue mbwa wachache.

Kwa upande wa ardhi, mwenye shamba huku kwetu si mtu mmoja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoisimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mbuzi akiraruliwa, mwenye mbuzi hudai fidia siku ile ile. Paa hana wa kumdaia, kwa kuwa ni mali ya umma. Na mali ya umma isipokuwa na mdai, kila mtu huiona ya bure. Halmashauri ndiyo impase kuwa mdai huyo. Inao uwezo, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa, kutunga sheria ndogo: kila mbwa aandikwe katika daftari pamoja na jina la mfugaji, na akikutwa porini peke yake, mfugaji huyo atozwe faini, mbwa asiguswe. Tusiambiwe kwamba vijiji haviwezi. Vijiji vya Kikole na Kisangi, vya wilaya hii hii, misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora mwaka 2009, kwa kuhesabu mipingo shina kwa shina. Kijiji kinachoweza kuhesabu mipingo kitashindwaje kuhesabu mbwa?

Na viongozi wa Serikali wasidhani kwamba wao wamebaki kuwa watoaji wa maagizo tu. Taarifa ya nguruwe ikipokelewa ofisini ijibiwe kwa siku, isijibiwe kwa majuma. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ambayo maofisa wake wako hapa Kilwa kwa ajili ya kuyatunza magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, ingefanya wema mkubwa kuwafikia wakulima kabla ya msimu, ikawaeleza idhini hupatikanaje na kwa muda gani. Idara ya Mifugo nayo iache mtindo wa kukumbuka mbwa siku ya kuwapiga risasi. Mbwa waliochanjwa wakiuawa pamoja na wasiochanjwa, nafasi zao hujazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote, na kazi inaanza upya. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa ugonjwa hukatika. Dawa iletwe mpaka vijijini na visiwani, na siku ya chanjo iwe ndiyo siku ya kuandikisha daftari, ili mfugaji asifunge safari mara mbili.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nayo huangukia kabla ya wakulima wetu kuanza kupanda. Tunapendekeza ifikapo siku hiyo kila kijiji cha wilaya hii, pamoja na vya visiwani, kiwe na daftari lake la mbwa katika ofisi ya Mtendaji, limefunguliwa na lina majina. Sisi tutaomba kuyaona madaftari hayo, na tutachapisha katika ukurasa huu orodha ya vijiji vilivyo nayo na vile visivyo nayo.