Piga Msasa Kwanza, Ndio Tuongee Bei

Kuna kitu kimoja video za kupaka rangi fanicha hukuficha: msasa. Dada anatokea na kabati chakavu, anapiga makofi mara moja, na paap! kabati ni la kijani, lina mmea juu. Sekunde thelathini. Nawe ndani ya keja yako Roysambu unaziangalia droo zako zilizobambuka, unajiambia hii hata mimi naweza.

Unaweza, sikatai. Tena fanya. Landilodi hakuruhusu kupiga hata msumari ukutani, kwa hivyo kabati ndilo ukuta pekee ulio wako. Kinachonikera ni ile sentensi inayofuata: "Kumbe mafundi hutuibia tu. Kazi yenyewe rahisi."

Rahisi wapi, buda?

Chukua kabati la saiprasi lenye vanishi ya zamani. Rangi haishiki vizuri juu ya kitu kinachong'aa, kwa hivyo vanishi lazima ikwaruzwe. Unaanza na msasa namba 80 kung'oa, unapanda 120 kufuta mikwaruzo ya ile 80, unamalizia na 220. Unafuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, maana ukikata kinyume, mikwaruzo itajitokeza rangi ikikauka. Panguza vumbi. Ziba mashimo, subiri, piga msasa ulipoziba. Kisha andakoti, kwa sababu vifundo vya saiprasi vina utomvu, na utomvu ukipenya utakuachia madoa kwenye hiyo nyeupe yako ya Pinterest. Subiri. Msasa mwepesi. Koti ya kwanza. Subiri. Msasa tena. Koti ya pili. Ukitumia rangi ya mafuta, kati ya koti na koti unaweza kungoja siku nzima, na keja yote inanuka thina. Ya maji ina haraka, lakini kukauka kwa kidole si kukomaa: weka sufuria juu yake kesho na utaona alama.

Ile sehemu tamu ya brashi ni ndogo sana. Kazi iliyobaki ni bega.

Na bega ndilo tunalokataa kulipia. Tunashuka Gikomba, au pale Ngong Road mafundi walipopanga vitanda kando ya barabara, tunatajiwa bei, tunataja nusu. "Si ni rangi tu?" Mtu huyohuyo akiingia mkahawani haombi apunguziwe latte hata shilingi kumi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na shangazi zangu bado wananiombea nisiishie "kazi ya mkono". Dharau tunafundishwa nyumbani, mapema.

Halafu kuna vumbi lenyewe. Rangi nyingi za zamani za mafuta zilikuwa na madini ya risasi. Kenya ilileta kikomo cha lazima, sehemu 90 kwa milioni, mwaka wa 2018, lakini meza iliyopakwa kabla ya hapo haijasikia habari hizo. Ukiipiga msasa mkavu, sumu inapeperuka, na kwa mtoto hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Wewe utavaa barakoa ya maana, utalowesha msasa, utampeleka mtoto kwa jirani. Ni meza moja tu. Fundi anapumua vitu hivyo Jumatatu hadi Jumamosi, na ukimkata bei, barakoa ndiyo ya kwanza kutoka kwenye hesabu.

Najua mtanijibu: hata wao hutuchezea, rangi imezidishwa thina, vumbi limepakwa juu kwa juu. Wapo, ndiyo. Ila ukimlipa mtu nusu siku kwa kazi ya siku tatu, ataruka kitu, na ataruka usichokiona.

Kwa hivyo Jumamosi hii paka kabati lako. Andika saa zote, kuanzia msasa wa kwanza, pamoja na zile za kungoja. Zizidishe kwa unachotoza wewe kwa saa moja ya kudizaini mabango au kuhariri video. Kisha ubebe hiyo namba Gikomba, na ukiulizwa una ngapi, uitaje.