Elfu Nane Iliyorudi Mfukoni

KIBARAZA CHA MUHEZA
Na Shebughe

Jumapili iliyopita nilipanda Kwamkoro, huku milima ya Usambara. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na wanaoijua barabara ya Muheza kwenda Amani wanajua maana yake: ukishapita geti la hifadhi pale Sigi na kuanza zile kona, abiria wanateremka, wanaume wanasukuma, akina mama wanapanda kwa miguu na watoto mgongoni. Nilifika kanisani nina matope hadi magotini, ibada imeshafika kwenye matangazo. Sikujali. Nilikuwa nimekwenda kuwaaga watu wawili ninaowaheshimu sana. Nikarudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Watu wenyewe ni mume na mke. Mume amefundisha shule za msingi za huku milimani maisha yake yote ya kazi. Mke alikuwa muuguzi, na wachuma chai wengi wa Kwamkoro walio vijana leo walipokelewa na mikono yake. Majina yao siyaandiki, kwa kuwa wameniomba nisiyaandike. Kwamkoro nzima inawaita Mwalimu na Sista, na hata nyumbani wanaitana hivyo hivyo. Wamestaafu wote wawili. Wajukuu wanao, shamba la iliki wanalo, ng'ombe mmoja wa maziwa wanaye. Na Jumatano ijayo wanakwenda Rwanda kutumika miezi mitatu katika usharika mmoja wa Wapresbiteri. Mwalimu atafundisha Kiswahili, lugha ambayo Rwanda iliifanya lugha rasmi mwaka 2017 na watu wake wanaihitaji kwa biashara za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sista atakaa na akina mama wenye watoto wachanga, awafundishe uji wa lishe, unyonyeshaji, dalili za homa zisizofaa kungojewa hadi asubuhi. Hatamdunga mtu sindano, maana leseni yake ni ya Tanzania, na jambo hilo alilitaja yeye mwenyewe kabla sijauliza. Chumba na chakula watapewa na wenyeji. Mshahara hakuna. Nauli ni yao.

Baada ya ibada tulikaa chini ya turubai, tukapewa wali na chai, kikapu kikaanza kuzunguka ili tuwasaidie nauli. Nilikuwa benchi moja na bwana mmoja ninayemfahamu. Alikuwa ameshika noti ya shilingi elfu kumi, mpya, ameinyoosha juu ya goti.

"Wanakwenda Ujerumani sehemu gani?" akaniuliza.

"Hawaendi Ujerumani. Wanakwenda Rwanda."

"Rwanda hii hii?"

"Hii hii."

"Kwa ndege?"

"Kwa basi."

Akaikunja ile noti mara mbili, akairudisha mfuko wa shati, akaingiza mkono mfuko wa suruali na kutoa elfu mbili. Kikapu kilipofika akaitumbukiza. Kisha akaniinamia, kama mtu anayetoa siri: "Basi wana mishe zao huko. Umisionari gani wa kupanda basi?"

Nilimtazama usoni, nikatafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Na lililoniumiza zaidi ni kwamba benchi la nyuma yetu walicheka kwa kukubaliana naye, na mmoja akasema kwa masikitiko ya kweli kabisa, "Masikini, wangebahatika Ulaya."

Wangebahatika! Watu wazima wanaacha nyumba yao, wanamwachia jirani ng'ombe, wanakwenda kumhudumia mtu wasiyemjua, na sisi tunapima safari yao kwa bahati. Siku nzima nilisikia "hongereni" na sikusikia hata mara moja "poleni na kazi".

Chukueni hilo neno mishe. Tanga hii, ukisema misheni, mzee anaelewa mahali: majengo ya mawe, kengele, shule, hospitali. Mtu alizaliwa misheni, alisoma misheni, alizikwa misheni. Vijana wa mjini nao wakalichukua wakalifanya ujanja wa kutafuta riziki, mishe mishe, mtu wa mishentauni. Kati ya mzee na kijana, maana ya kwanza imetuponyoka. Misheni ni kutumwa. Ni mtu kuvaa viatu na kuondoka. Sisi tumekaa na majengo zaidi ya miaka mia moja tukidhani ndiyo misheni yenyewe, na kwa kuwa majengo yalijengwa na waliotoka ng'ambo, tumejifunza kwamba kutumwa ni kazi ya waliotoka ng'ambo, na kazi yetu sisi ni kupokea mizigo.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja huku milimani wastaafu wawili kutoka Ulaya, mume na mke kama hawa wetu. Walikaa wiki tatu. Walipaka rangi madarasa mawili, wakacheza na watoto, wakaondoka. Siwabezi hata kidogo, walikuwa watu wema na rangi ile bado ipo ukutani. Lakini nakumbuka tulivyowapokea: tulichinja mbuzi, kwaya tatu ziliimba, na bwana huyu huyu wa elfu mbili alisimama mbele ya watu akasema machozi yanamlenga kwa jinsi watu wazima wale walivyojitoa, wakaacha raha yao ya kustaafu. Hayo yalikuwa maneno ya haki. Nataka kujua yamekwenda wapi.

Halafu Rwanda! Kama kuna nchi ambayo mtu wa Usambara hapaswi kuicheka, ni Rwanda. Wamisionari wa shirika la Kijerumani ambalo baadaye liliitwa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, Ernst Johanssen akiwa mmoja wao. Wakaja Vuga mwaka 1895. Johanssen huyo huyo, akiwa na mwenzake Gerhard Ruccius, mwaka 1907 aliondoka Usambara akaenda Rwanda, na huko vikaanzishwa vituo vya Zinga, Kirinda na baadaye Rubengera, ambavyo ndivyo mizizi ya Kanisa la Presbiteri la Rwanda la leo. Hakwenda na Ruccius tu. Walifuatana na Wakristo wa Kisambaa, watu wa milima hii, ambao Ukristo wenyewe walikuwa nao kwa miaka isiyofika ishirini. Hawakungoja wawe na shule nyingi au hospitali. Walitoka kwao wakaenda kukaa ugenini katika lugha ya watu wengine, na hapakuwa na basi la kumchekesha mtu.

Vitabu vyetu vya sherehe na jubilei vinajaa picha za Wajerumani wenye ndevu. Wasambaa wale wanabaki "na wasaidizi wao". Ndiyo sababu mtu wa Kwamkoro anaweza kukaa chini ya turubai mwaka huu akashangaa Msambaa kutumwa Rwanda, kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea duniani. Hata leo Dayosisi ya Kilutheri ya Kaskazini Mashariki, yenye makao yake Lushoto, na Wapresbiteri wa Rwanda ni wanachama wa jumuiya moja ya misheni, ile ya UEM yenye ofisi Wuppertal, ambayo tangu mwaka 1996 ni ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani kwa pamoja. Njia iko wazi. Macho yetu ndiyo yanatazama upande mmoja.

Jioni ile sikurudi Muheza. Mwalimu alinilaza kwake. Nilichokiona sebuleni ndicho ninachotaka yule bwana akione.

Mezani palikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, lile la shule. Upande wa kushoto Sista ameandika Kiswahili, upande wa kulia Kinyarwanda. Mwaramutse ya asubuhi, mwiriwe ya jioni, murakoze ya kushukuru. Kila jioni baada ya chakula Mwalimu anafunika upande wa kulia kwa kiganja, Sista anajibu, kisha wanabadilishana. Akikosea, Mwalimu anasema, "Sista, rudia," kwa sauti ile ile iliyowatia hofu watoto wa darasa la nne. Anarudia.

Kulikuwa na pasipoti mbili mpya, laki moja na nusu kila moja, na safari kadhaa za Tanga mjini kuzifuatilia. Hapo nilitaka kulia. Mwalimu alistaafu mwaka 2023, mkupuo wake wa mafao ukakokotolewa kwa asilimia 33. Nataka mjue kwamba fedha ya basi ya kwenda Kigali imetoka humo, katika mafao ambayo wenzake wamejengea vyumba vya kupangisha au kununulia bodaboda. Mtoto wao mkubwa alipiga simu kutoka Dar es Salaam tukiwa tumekaa, nikamsikia akisema, "Mzee, si mngekaa mkapumzika?" Mwalimu akamjibu, "Tumepumzika miaka miwili, baba. Inatosha."

Nilimuuliza Sista anaogopa nini.

Alifunga daftari. "Shemeji, naogopa mdomo wangu," akasema. "Mimi nikiwa zahanati nilikuwa naongea na kila mgonjwa, namuuliza kwao wapi, wazazi wapo, ndugu wangapi. Kule mauaji ya mwaka 1994 yalipita. Ukimuuliza mama ana ndugu wangapi, hujui umegusa nini. Kwa hiyo nimejiwekea: mwezi wa kwanza sitauliza swali lolote la ukoo. Nitabeba mtoto, nitakoroga uji, nitangoja waseme wenyewe."

Mwanamke huyu amejifunza kunyamaza kama sehemu ya maandalizi ya safari. Nimesikia wahubiri wengi wakizungumzia umisionari, sijamsikia hata mmoja akisema jambo zito kama hilo.

Mizigo yao ilikuwa imefungwa tayari: begi moja moja, mfuko wa iliki kavu ya shambani kwao, na majani ya chai ya Kwamkoro kwa ajili ya familia itakayowapokea. Mwalimu aliniambia mgeni haendi mikono mitupu. Kisha akanionyesha hesabu ya kikapu cha mchana, ameiandika kwa wino mwekundu, kila noti mahali pake. Walikuwa wamepungukiwa kidogo nauli ya kurudi. Hakulalamika, alisema watauza debe moja zaidi la iliki.

Bwana wangu wa benchi la turubai, najua unaisoma safu hii, uliniambia mwenyewe. Basi la kwanza linatoka Kwamkoro Jumatano saa kumi na moja alfajiri. Watakuwa wamesimama pale njiani karibu na kiwanda, na tochi. Ile elfu nane iko mfuko wa shati, upande wa kushoto.