Picha Zihame Pamoja na Majina



Wako kati yenu waliotunza picha za ubatizo, Komunyo ya Kwanza na ndoa katika kompyuta kwa programu ya Picasa. Google waliiacha mwaka 2016, na kompyuta zile zazeeka. Atakaye kuhamia programu mpya, kama digiKam isiyolipiwa, afahamu hivi: maelezo ya chini ya picha za JPEG yamo ndani ya picha yenyewe, nayo huhama pamoja nayo. Albamu, lakini, Picasa iliziandika pembeni. Hizo hubaki nyuma. Na picha uliyoipunguza kingo bila kuihifadhi hurudi nzima, pamoja na yule mbuzi aliyepita mbele ya maharusi.

Basi, nakilini kwanza vyote katika diski ya nje. Kisha, katika Picasa ile ile, andikeni majina kwenye maelezo. Mketisheni bibi karibu. Huku kwetu Mwakitolyo wako vijana waliofukiwa na kifusi mashimoni. Huenda yule wa pili kushoto hana picha nyingine, na amjuaye ni bibi peke yake.

Kompyuta ya zamani isiuzwe kabla ya kuhesabu picha pande zote mbili.