Chenji Kwanza, Bakshishi Baadaye

Upo wizi ambao hatuuiti wizi kwa sababu ni wa shilingi kumi au ishirini tu, na upo ukarimu ambao si ukarimu hata kidogo, kwa sababu anayedaiwa kuwa ametoa hakuulizwa kama anataka kutoa. Mambo haya mawili hukutana katika kisahani anachokileta mhudumu wa hoteli baada ya mlo. Kisahani ambacho mara nyingine huwa na risiti na chenji, na mara nyingine huwa na risiti peke yake. Kazi ya ualimu imenifanya nile kwa miaka mingi katika hoteli za Kitale na za Bungoma, na katika vibanda vya njiani, Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Nimeshuhudia ya kutosha kunifanya niamini kwamba jambo hili, dogo jinsi linavyoonekana, linahitaji kusemwa wazi.

Hebu tutazame hali yenyewe. Mteja amekula ugali, mboga na vipande vya nyama, na bili yake ni shilingi 180. Anatoa noti ya 200. Mhudumu anaipokea, anaipeleka kwa keshia aliyeketi nyuma ya wavu, kisha anapotelea jikoni. Dakika zinapita. Nje, utingo wa matatu anapaza sauti kwamba imesalia nafasi ya abiria mmoja. Mteja anatazama mlango wa jikoni, anautazama mlango wa nje, anaona haya kuita watu kwa ajili ya shilingi 20, na hatimaye anaondoka. Mhudumu anatokea na kumwambia mwenzake, "Ameniachia."

Je, kweli ameachiwa? Kuacha ni tendo la hiari. Aliyeshindwa kungoja hakuacha kitu, bali amechoshwa mpaka akakata tamaa. Na mbinu si hiyo moja tu. Wapo wanaorudisha noti na kusahau sarafu. Wapo wanaokuambia kwamba chenji haipo, hivyo uongeze chapati usiyoihitaji, kama vile madukani tulivyowahi kupewa peremende badala ya sarafu. Na wapo wanaokuja na chenji kamili, lakini wakasimama karibu nawe na kukukazia macho mpaka mkono wako uone aibu kuigusa.

Msomaji mmoja atauliza: shilingi ishirini ni nini hata ziandikiwe gazetini? Swali hilo huulizwa na mwenye shibe. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii anayepima wiki nzima kwa noti moja ya 1,000 anajua kwamba shilingi ishirini ni chai ya kesho asubuhi, au ni kurasa kadhaa za nakala ya kitabu asichoweza kukinunua. Yeye ndiye anayeumizwa zaidi na desturi hii, maana ndiye anayeogopa zaidi kuonekana bahili mbele ya wenzake.

Hapana budi tulielewe neno lenyewe. Bakshishi ni neno tulilolipata kutoka Kiajemi, na asili yake ni kutoa, kupeana kitu kwa hiari. Sisi huku bara tumezoea kusema "chai", na neno hilo limetuletea msukosuko, kwa kuwa "chai" ndiyo pia jina la hongo anayodaiwa raia katika ofisi za umma. Vitu hivi viwili si kimoja. Bakshishi hutolewa baada ya huduma, na asiyeitoa amekwisha kuhudumiwa sawasawa na wenziwe. Hongo hutangulia huduma, na asiyeitoa hubaki akingoja. Wakati wa mavuno, mkulima aliyekwisha kuuza magunia yake ya mahindi huingia hotelini Kitale akiwa na mfuko mzito, na mara wahudumu watatu huizunguka meza yake, ilhali mwanafunzi aliyetangulia kuketi pembeni hajaulizwa hata anataka nini. Siku hiyo bakshishi imekwisha kuvuka mpaka wake.

Hata hivyo, sitaki nidhaniwe kuwa nimekuja kuwarushia wahudumu mawe. Wengi wao ni wanafunzi wetu wa jana. Ni vijana waliomaliza kidato cha nne, wengine wakiwa na alama nzuri, ambao sasa wanatafuta karo ya chuo au wanalea wadogo zao. Husimama tangu alfajiri chai ya kwanza inapochemka mpaka usiku viti vinapopandishwa juu ya meza. Hupigiwa miluzi, huchapiwa vidole, huitwa "wewe" na watu wanaowazidi umri kwa miaka miwili tu. Na likitokea la kutokea, mteja akatoroka kupitia mlango wa nyuma, wao ndio hulipa.

Jambo hili la mwisho lastahili kutazamwa kwa makini. Katika hoteli nyingi ndogo ni kanuni isiyoandikwa kwamba mteja akitoroka, bili yake hukatwa katika ujira wa mhudumu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 19, imeeleza makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya. Yamo humo makato ya mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanyakazi, na makato ya upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake umemkabidhi waziwazi kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Haikuandikwa kwamba kila sahani iliyotorokwa ilipwe na aliyeibeba. Mhudumu aliyekatwa shilingi 200 asizozikosea ataanza kuzitafuta, na mahali pa karibu zaidi pa kuzitafutia ni kwenye chenji ya mteja anayefuata. Hivyo dhuluma ya mwajiri humshukia mwanafunzi yule wa chai ya asubuhi.

Nimewasikia wenye hoteli wakimwambia kijana siku ya kuajiriwa: "Mshahara wetu ni mdogo, lakini hapa bakshishi ni nzuri." Maana ya maneno haya ni kwamba mwajiri amempa mteja kazi ya kulipa mishahara. Marekani imeifuata njia hiyo hadi ukingoni. Huko sheria ya kitaifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu mwaka 1991, almuradi bakshishi ifikishe pato lake kwenye kima cha chini cha kawaida. Japani imefuata njia tofauti kabisa: huduma njema huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi, na kuacha pesa mezani si desturi. Uingereza nayo ilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Oktoba 2024, inayowalazimu waajiri kuwafikishia wafanyakazi bakshishi zote bila kujikatia fungu. Sisi tusiige ya kwanza kwa kutojali. Mshahara na uwe mshahara, na bakshishi iwe nyongeza ya furaha.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na hasa tangu hoteli zianze kubandika ukutani nambari za kulipia, wengi wamedhani mjadala huu umekwisha, kwa kuwa mteja hulipa shilingi 180 kamili na hakuna chenji ya kugombaniwa. Kweli, wizi ule umepungua. Lakini mhudumu naye hazioni tena zile sarafu alizokuwa akiachiwa kwa hiari, na mteja mwema anayeongeza shilingi 50 katika malipo yake huwa ameziingiza katika akaunti ya mwenye hoteli. Anayetaka kumshukuru mhudumu kwa hakika, na amwekee mkononi.

Wapo watakaosema kwamba mhudumu akirudisha kila sarafu hatapata kitu. Nilivyoona mimi ni kinyume. Katika hoteli moja ndogo mjini Bungoma nimemwona binti anayehesabu chenji kwa sauti mbele ya kila mteja: "Umenipa mia tano, umekula mia mbili na thelathini, hii hapa mia mbili na sabini." Huiweka mezani yote: noti ya mia mbili, noti ya hamsini na sarafu ya ishirini. Kisha hugeuka na kwenda zake, hasimami kukodoa macho. Mara nyingi nimeiona ile sarafu ikibaki mezani kwa ridhaa, na wenyewe wakirudi wiki inayofuata na kuulizia meza yake. Amempa mteja nafasi ya kuchagua, na mtu aliyepewa nafasi ya kuchagua hutoa kwa moyo mweupe.

Kwetu sisi tunaoketi mezani, adabu nayo ni ya lazima. Tusome bili kabla ya kulalamika. Ikiwa malipo ya huduma yamekwisha kujumlishwa humo, kama hoteli kubwa zinavyofanya, hatuna deni la pili. Kodi ya VAT si bakshishi, ni ya serikali. Tukitaka kutoa, tutamke, "Hii ni yako," wala tusiitupe sarafu katikati ya mifupa na mhudumu akalazimika kuiopoa. Tusiku hatuna, neno "asante" na sauti ya heshima havina bei. Na bakshishi ya shilingi 50 isimpe yeyote ruhusa ya kumtukana mtoto wa mwenzake.

Walimu wenzangu, hesabu ya chenji tunaifundisha tangu madarasa ya chini, lakini tunaifundisha kama kutoa na kujumlisha tu. Tuwafundishe watoto pia kwamba kusema "naomba chenji yangu" kwa upole si ubahili, na kwamba kurudisha cha mtu kabla hajakiuliza ndio uaminifu wenyewe. Nanyi wanafunzi, baadhi yenu mtabeba sahani hizo kesho, na wengine mtazimiliki hoteli. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo hauwezi kutoa kilichokwisha kuchukuliwa. Mhudumu na arudishe chenji yote, mwajiri na alipe mshahara wote, kisha mteja aachwe na moyo wake.