Taji la Wapigaji wa Boston: Acheze au Aketi?

Msomaji mpenzi, mwanao akirudi nyumbani na alama 40 kwa 100 katika hesabu, sidhani utamchinjia kuku. Huenda hata chai ya jioni akainywa kwa kimya. Lakini katika besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa gongo na mpira, mtu anayepata 40 kwa 100 msimu mzima huimbwa hata baada ya kuzikwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mapigo safi, yaani yale yanayomfikisha mpigaji kituoni salama, uyagawe kwa mara alizojaribu kupiga. Mapigo 3 katika majaribio 10 ni .300, nao Wamarekani husema "mia tatu". Mwenye mia tatu ni mchezaji wa kutegemewa. Msimu ukiisha, mwenye wastani wa juu katika ligi ndiye anayetwaa taji la wapigaji.

Sasa angalia tofauti yake na kandanda. Mfungaji bora akishatia mabao 20, hata akivunjika mguu mabao yake hayapungui. Wastani hauko hivyo. Ukiongoza leo, kesho ukajaribu mara nne ukakosa zote nne, unashuka. Ndiyo maana kila anayeongoza hujikuta na swali lile lile siku za mwisho: acheze, au aketi benchi ailinde hesabu yake?

Hakuna timu inayolionyesha swali hilo vizuri kama Boston Red Sox, wa ligi iitwayo American. Orodha ya mabingwa wao wa kupiga ni ndefu, na kinara wake ni Ted Williams, aliyelitwaa taji mara sita: 1941, 1942, 1947, 1948, 1957 na 1958.

Tuanze na 1941. Williams alikuwa kijana wa miaka 23. Asubuhi ya Septemba 28, siku ya mwisho ya msimu, alikuwa na mapigo 179 katika majaribio 448. Ninyi wanafunzi chukueni kalamu: mtapata .39955. Ukikadiria kwa tarakimu tatu, hiyo ni .400 kamili, na vitabu vingeiandika hivyo. Meneja wake, Joe Cronin, alimpa ruhusa ya kuketi. Taji la ligi lilikuwa lake tayari. Kilichobaki ni ile mia nne. Tena siku hiyo kulikuwa na mechi mbili mfululizo mjini Philadelphia, kwa hivyo nafasi ya kuharibu ilikuwa mara dufu.

Williams alikataa kuketi. Akaingia mechi zote mbili, akajaribu mara 8 na kupata mapigo 6. Akamaliza na .406. Tangu siku hiyo, katika ligi za American na National hakuna mtu mwingine aliyemaliza msimu na mia nne.

Hapa lazima niseme jambo moja. Ligi hizo mbili wakati huo ziliwafungia milango watu weusi, nao walikuwa na ligi zao. Mlango haukufunguka hadi 1947, na Boston ndiyo timu iliyokuwa ya mwisho kabisa kumpa mchezaji mweusi nafasi, mwaka wa 1959. Mnamo 2024 wakuu wa mchezo huo walizitia hesabu za ligi za watu weusi katika rekodi rasmi, na sasa wastani wa juu zaidi wa msimu mmoja ni wa Josh Gibson: .466, mwaka wa 1943. Nadhani Williams mwenyewe asingenung'unika. Alipotunukiwa heshima ya magwiji mwaka wa 1966, alitumia hotuba yake kuomba Gibson na mrushaji Satchel Paige waingizwe humo pia.

Kuna taji moja ambalo halikumpotea kwa kupiga vibaya. Mwaka wa 1954 alivunjika mfupa wa bega kabla ya msimu kuanza, akakosa mechi nyingi. Hata hivyo alimaliza na .345, huku Bobby Avila wa Cleveland akiwa na .341. Taji akapewa Avila! Kanuni ilidai majaribio 400, na Williams alikuwa na 386. Sababu? Warushaji walimwogopa. Mara 136 walirusha mipira mibaya wakamwacha aende kituo cha kwanza bure, na safari hizo hazihesabiwi kuwa majaribio. Mtu anaadhibiwa kwa kuogopwa! Baadaye kanuni ilibadilishwa, na safari hizo sasa huhesabiwa katika kuamua nani anastahili kushindania taji.

Wengine nitawapitia haraka. Carl Yastrzemski alishinda mara tatu, na ile ya 1968 kwa .301 tu, wastani mdogo kuliko wa bingwa yeyote, kwa sababu mwaka huo warushaji waliwatesa wapigaji kupindukia.

Kisha akaja Wade Boggs, mwenye mataji matano na mazoea ya kula kuku kabla ya kila mechi. Mwaka wa 1986 alikuwa akifukuzwa na Don Mattingly wa New York Yankees. Boston walikuwa wafunge msimu kwa mechi nne dhidi ya hao hao Yankees. Boggs akaketi zote nne, msuli wa paja ukimsumbua, akashinda kwa .357 dhidi ya .352. Wapo waliomcheka wakimlinganisha na Williams. Mimi simlaumu sana: Boston walikuwa wameshapata nafasi ya kuwania ubingwa, na meneja mwenye akili hamchoshi mgonjwa. Lakini ukiniuliza ni hadithi ipi ningemsimulia mwanangu, wajua jibu.

Mwaka wa 2003 vita vilikuwa vya nyumbani. Bill Mueller, ambaye wengi hawakumtarajia, alishindana na mwenzake Manny Ramirez, bingwa wa mwaka uliotangulia. Mueller alipata mapigo 171 katika majaribio 524, Ramirez 185 katika 569. Gawanyeni wenyewe: .326 kwa .325. Ramirez alikuwa na mapigo 14 zaidi na bado akakosa taji. Angelipata moja zaidi katika majaribio hayo hayo, moja tu, lingekuwa lake.